Kalenda ya kuchana ya maneno ya Confucius: nimekaa nayo miezi kumi, naipa nyota tatu

Haya jamani. Nimeona hii kalenda inazunguka sana kwenye status, kila mtu anapiga picha ukurasa anaweka na vimaua pembeni, halafu wengine wanauliza eti inafaa kununua au ni urembo wa mezani tu. Mi ninayo, nimekaa nayo miezi kumi sasa, ngoja niseme niliyoyaona.

Ni ile ya mezani, nene kama tofali dogo, kurasa 365, kila siku unachana moja. Juu herufi za Kichina, chini Kiingereza, neno moja la Confucius, yule mwalimu wa kale wa China, kwa siku. Dada yangu ndo alinipa zawadi. Waliotengeneza siwataji, sitaki ugomvi na mtu, na isitoshe ziko za aina hii kibao na zimefanana kama mapacha. Maneno yote hapa nayaweka kwa Kiswahili changu mwenyewe, ukiona nimepotoka nirekebishe ila kwa upole.

Nianze na vitu vya kushika mkononi. Karatasi nyepesi, ukiandika kwa kalamu ya wino inatokea upande wa pili. Kisimamio cha kadibodi kililegea wiki ya tatu, tangu hapo kinaegemea kopo la kalamu. Ila balaa lenyewe ni gundi ya pale juu, mwezi wa pili tu ilishaanza kuachia, unachana ya leo zinakuja tatu kwa mpigo, nikajikuta nina hekima za mpaka Alhamisi na leo Jumatatu. Herufi za Kichina sikatai, zimepigwa vizuri, nzito nyeusi, hata usipojua kusoma unaziangalia tu unasikia utulivu. Kwenye muonekano wangepata nyota tano kama si hiyo gundi.

Mwanzoni niliipenda kweli kweli. Ukurasa wa kwanza ni yale maneno yanayofungua Lunyu, kitabu cha maneno yake, kwamba kujifunza na kuyarudia uliyojifunza kwa wakati wake, si furaha hiyo? Rafiki kuja kutoka mbali, si raha hiyo? Na watu wasikutambue wala usinune, si uungwana huo? Hapo kwenye kutonuna nilisimama, maana siku hiyohiyo bosi alikuwa ametaja majina ya waliofanya kazi fulani kwenye kikao na langu akaliruka, na mi nilikuwa nimenuna toka saa nne.

Halafu kuna ile ya Zigong. Zigong alikuwa mmoja wa wanafunzi wake hodari, mwenye maneno, na alikuwa na mchezo wa kuwapima watu, huyu bora, yule hafai. Mwalimu akamwambia kitu kama, kumbe Zigong mwenzetu umeshakamilika eeh? Mi mwenzako nafasi hiyo sina. Basi. Hakumpa mhadhara wowote. Siku naichana hiyo nilikuwa na simu mkono wa pili, nimeshaandika mistari mitano mirefu kuhusu mwenzetu mmoja wa kazini aliyechelewesha ripoti, naituma kwenye kale kagrupu kadogo ambako yeye hayumo (na nyie mnako, msijifanye). Nikausoma ukurasa, nikaangalia simu, nikafuta mstari mmojammoja mpaka ikabaki nyeupe. Sijisifu, wiki iliyofuata niliandika mwingine nikautuma. Ila ile moja ilinishika, na kumbuka ni kati ya kurasa chache sana ambazo walituwekea na stori, nani kasema, kamwambia nani, kisa nini. Lishike hilo, nitalirudia.

Kasheshe ilianza mwezi wa nne. Ukurasa umeandikwa kwa herufi kubwa: Fikiri mara tatu kabla ya kutenda. Chini, Confucius. Nani atabisha? Sasa mi kipindi hicho nilikuwa nimemkosea rafiki yangu wa siku nyingi, nilitoboa siri yake bila kukusudia, na nilikuwa nataka kumpigia nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwingine. Nikasema ngoja, Confucius kasema mara tatu. Nikafikiri ya kwanza, nikaona nipige. Nikalala nikafikiri ya pili, nikaona nipige. Ya tatu nikaanza kujiuliza, je akikasirika, je kama hajui na mi ndo namwamsha, labda nisubiri wikiendi. Ijumaa alishaambiwa na mtu mwingine. Tumepatana ndiyo, ila ilichukua muda, na kuna kitu hakijarudi kama kilivyokuwa.

Miezi miwili baadaye nikapata kitabu chenyewe, Lunyu, tafsiri kamili, nikawa nasoma usiku kidogokidogo. Nafika sura ya 5, nakutana na hiyo kitu. Kumbe kulikuwa na waziri wa dola ya Lu, Ji Wenzi, aliyeishi kabla ya Confucius, alikuwa anasifika kwamba kila jambo analifikiri mara tatu ndo anatenda. Confucius aliposikia sifa hiyo akasema, mara mbili zinatosha.

Mara mbili zinatosha! Yaani nilikaa nimeshika kitabu nacheka na hasira zinanipanda hapohapo. Waliotengeneza kalenda wamechukua sifa ya mtu mwingine, sifa ambayo Mwalimu mwenyewe aliipunguza, wakaibandika jina lake. Na mi ya pili nilishaamua nipige.

Kuanzia hapo nikawa na kazi mpya, kila nikichana ukurasa nautafuta kwenye kitabu. Hapo ndo nikaelewa tatizo la kalenda hii liko wapi, na hata lile la gundi likawa dogo.

Kwa ambaye hajui, Confucius hakuandika Lunyu. Yeye alizaliwa mwaka 551 KK katika dola ya Lu, sehemu ambayo leo ni karibu na mji wa Qufu, jimbo la Shandong huko China, akafariki 479 KK. Jina la ukoo ni Kong, wakwao wanamwita Kongzi yaani Mwalimu Kong, hili la Confucius ni Kilatini cha wamisionari wa Kijesuiti. Kitabu kilikusanywa baada ya yeye kufa, na wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake, sura 20, vipande kama 500 hivi, vingi vifupi mno, na vingi ni maongezi. Mtu kaja kauliza, Mwalimu kajibu. Zamani hizo waliandika kwenye vijiti bapa vya mianzi, mwaka 1973 kule Dingzhou walichimbua kaburi la enzi za Han wakakuta vijiti vya Lunyu humo vimeungua ungua. Kwa hiyo neno moja kwenye kipande kimoja si dhambi, hata wenyewe walifanya hivyo. Tofauti ni kwamba vile vijiti vilifungwa pamoja kwa uzi, hiki kinafuata kile. Hawa wetu wametumia gundi, na gundi nimeshawaambia.

Mfano mzuri ni hili la wazazi, na hapa nitakaa kidogo. Kalenda ina ukurasa mmoja tu kuhusu wazazi uliochukuliwa sura ya 2, umeandikwa: Usiwapinge wazazi wako. Umeisha. Ukiusoma hivyo unaona ni mzee mkali anapiga meza. Sasa fungua kitabu, sura ya 2, utakuta watu wanne wanauliza swali lilelile moja baada ya mwingine, kuwatendea wazazi ipasavyo ni nini, na wanne wote wanapata majibu tofauti. Wa kwanza, Meng Yizi, mkubwa wa ukoo wenye nguvu, kaambiwa kwa kifupi, usiende kinyume. Ila baadaye Mwalimu yuko kwenye gari la farasi, anayeendesha ni Fan Chi, anamsimulia, Fan Chi anauliza maana yake nini, ndo anafafanua kwamba wakiwa hai uwahudumie kwa taratibu za adabu, wakifa uwazike kwa taratibu za adabu, na baada ya hapo uwakumbuke kwa taratibu hizohizo. Kwa hiyo hata hilo usiende kinyume halikuwa na maana ya kutii kila kitu. Na mbele huko sura ya 4 anasema wazi kwamba mzazi akikosea unaweza kumshauri, kwa upole, na akikataa unabaki na heshima yako bila kununa. Kalenda hiyo haina.

Wa pili aliambiwa jambo kuhusu wazazi kuhangaikia ugonjwa. Wa tatu, Ziyou, aliambiwa kali: siku hizi watu wanadhani kuwatunza wazazi ni kuwalisha, mbona hata mbwa na farasi wanalishwa? Bila heshima tofauti iko wapi? Ukiwa ni mtu wa kutuma hela nyumbani kila mwezi halafu simu zao hupokei, hiyo itakuuma, na mi iliniuma.

Ila iliyonimaliza ni ya nne, ya Zixia. Jibu lake linaanza na maneno mawili tu kwa Kichina, unaweza kuyasema hivi, uso ndo mgumu. Yaani kazi ikiwepo vijana wakabeba, chakula kikiwepo wazee wakatangulizwa, hayo unayaita ndo kuwatendea wema? Ugumu uko usoni.

Mnisikilize. Mama yangu simu yake inajaa kila baada ya wiki mbili. Picha za asubuhi njema, video za dawa za miti, mafowadi ya kila aina. Ananiita, naenda, nakaa, nafuta. Sijawahi kumwambia hapana hata siku moja na nilikuwa najihesabu mtoto mwema kwa hilo. Siku moja baada ya kusoma hiyo ya Zixia kaniita tena, niko nafuta, nikajiona kwenye kioo cha kabati lake lililoko mbele yangu. Jamani ule uso. Midomo nimeibana, nyusi ziko juu, kila picha ninayofuta napumua kwa nguvu puuu kama nabeba mzigo. Na yeye amekaa pembeni mikono mapajani, anasema kwa sauti ndogo, basi mwanangu kama umechoka acha, nitamwomba mtoto wa jirani. Miaka yote hiyo nimekuwa namfutia picha na kumlipisha kwa uso.

Sasa niambie, ukurasa wa Usiwapinge wazazi wako ungenifikisha hapo? Mi sijawahi kumpinga! Ningeuchana ningesema huu naufaulu, nikaenda zangu kunywa chai.

Hapo ndo utaelewa huyu mzee alivyokuwa. Hakuwa na sanduku la methali anagawa. Alikuwa anamwangalia anayeuliza kwanza. Ipo sehemu sura ya 11 ambayo ningependa wangeichapa kwenye jalada la kalenda. Zilu kauliza, nikisikia jambo la kufanya nilifanye palepale? Mwalimu kasema, baba na kaka zako wapo, utafanyaje palepale bila kuwauliza? Halafu kaja Ran You kauliza hilohilo, neno kwa neno. Mwalimu kasema, ndiyo, lifanye palepale. Mwanafunzi wa tatu, Gongxi Hua, alikuwa kasikia yote mawili, akachanganyikiwa, akauliza jamani hii imekaaje. Mwalimu akajibu kwamba Ran You anarudi nyuma nikamsukuma mbele, Zilu ana moto wa watu wawili nikamvuta nyuma.

Kalenda inayo hiyo, tena yote mawili. Jibu la Ran You mwezi wa tano, jibu la Zilu mwezi wa tisa, hakuna jina la mtu wala swali, moja inasema fanya sasa hivi, nyingine inasema kaulize wakubwa kwanza. Shemeji yangu aliziona zimebandikwa ukutani pamoja akacheka akasema huyu mchina wenu naye hajielewi. Na kwa alivyoona pale, ana haki kabisa.

Tafsiri yao ya Kiingereza nayo nina neno nayo. Kila ukurasa wa pili unakutana na mtu bora, mtu bora anafanya hivi, mtu bora hafanyi vile, mpaka unaanza kumchukia huyo mtu bora. Neno la Kichina ni junzi, asili yake mwana wa mtawala, yaani ukubwa wa kuzaliwa. Confucius ndo alilivuta likawa la mwenendo, ukizaliwa kwa mabwana na tabia mbovu wewe si junzi, ukizaliwa uchochoroni na ukawa na utu wewe ni junzi. Nilivyokuwa nalitafutia Kiswahili nikagundua tunalo tayari na limepita njia ileile. Muungwana. Zamani muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, ni jambo la ukoo, leo ukimwita mtu muungwana nani anauliza ukoo? Unasifia anavyoishi na watu. Na Zigong aliwahi kuuliza junzi ni mtu gani, akajibiwa, anatanguliza kutenda halafu maneno yanafuata. Sisi tunasema muungwana ni vitendo. Nilipoona hivyo nilipiga kelele peke yangu chumbani. Toka siku hiyo kila penye mtu bora nakata na kalamu naandika muungwana, na kurasa zote zikaanza kuongea vizuri. (Wino unatokea upande wa pili, ndiyo.)

Sasa uongo. Kuna maneno humo hayapo kwenye Lunyu kabisa. Ile ya chagua kazi unayoipenda na hutafanya kazi hata siku moja maishani, haimo. Ile ya ukienda kulipiza kisasi chimba makaburi mawili, haimo. Safari ya maili elfu inaanza na hatua moja imo kwenye kitabu kingine kabisa, cha Laozi, mtu wa mkondo mwingine. Ile ya kujikagua kila siku kwa mambo matatu imo kwenye Lunyu lakini aliyesema ni Zengzi, mwanafunzi, na jina lake limeandikwa paleee mwanzoni mwa sentensi, hata kulisoma wameshindwa. Nimeziwekea alama ya penseli, mpaka sasa nimefika 19 na kalenda haijaisha.

Ila iliyonikera zaidi ya zote ni Lipa ubaya kwa wema. Hiyo ni kinyume chake! Kuna mtu alimuuliza hivyohivyo, vipi kuhusu kulipa ubaya kwa wema? Na yeye akamrudishia swali, sasa wema utaulipa kwa nini? Ubaya ulipe kwa unyoofu, wema ulipe kwa wema. Wameandika swali la muulizaji wakalifanya jibu la Mwalimu. Na hili jibu lake mi limenisaidia kuliko yote kwenye mambo ya pesa, maana mi ni wale wa kukopesha mtu, harudishi, anarudi kukopa tena, naona aibu nampa, halafu namsema pembeni mwaka mzima. Wema juu, ubaya chini. Sasa hivi namwambia mtu usoni, bila kufoka, ile ya kwanza bado haijarudi, ikirudi tutaongea. Simnunii wala simpi. Wawili wamerudisha, mmoja kaniblok, nimekubali.

Na waliyoyaacha je? Wameacha mambo yote yanayomfanya awe mtu. Zai Yu kalala mchana, Mwalimu kakasirika kasema mti uliooza hauchongeki, na akaongeza kwamba zamani nilikuwa namsikia mtu anachosema naamini atatenda, siku hizi namsikia halafu namwangalia, na aliyenifundisha hivyo ni huyu Zai Yu. Mwalimu mzima anakiri kwamba mwanafunzi mvivu ndo kambadilisha. Kuna ile kaingia hekalu kuu akawa anauliza kila kitu, watu wakamcheka, nani alisema huyu anajua taratibu mbona anauliza uliza, akajibu, kuuliza ndo utaratibu wenyewe. Kuuliza si ujinga, hata yeye alijua.

Na zizi. Zizi liliungua, yeye yuko kazini kwa mtawala, karudi, kauliza, kuna mtu kaumia? Hakuuliza farasi. Hiyo tu, kipande kizima ni mstari mmoja. Na farasi enzi hizo walikuwa mali haswa. Mwezi uliopita binti wa dada yangu aliangusha kompyuta yangu ngazini, yeye nayo wakabiringika, na mi nilikuwa nimeshaisoma hiyo ya zizi, nimeshaisifia mpaka kwa watu. Neno la kwanza kunitoka lilikuwa, kioo kimepasuka? Mtoto kakaa kwenye ngazi kashika goti. Yaani kusoma na kutenda ni nchi mbili tofauti.

Wameacha pia yasiyopendeza, na hapo mi naona si haki. Kuna mahali sura ya 17 anasema wanawake na watu wa chini ni wagumu kuishi nao, ukiwasogeza wanakukosea adabu, ukiwaweka mbali wananuna. Mi ni mwanamke, niliisoma nikafunga kitabu nikalala. Wapo wafafanuzi wanaoipunguza makali kwamba alisema kuhusu wajakazi na watumishi wa nyumbani tu, sawa, ila maneno yapo na yalitumika karne na karne. Kuna ile ya kondoo, mtawala mmoja kajisifu kwetu kuna mnyoofu, baba yake kaiba kondoo na yeye kaenda kushuhudia, Confucius kajibu kwetu unyoofu uko tofauti, baba anamfichia mwana na mwana anamfichia baba. Mi na kaka yangu tumebishana hiyo mpaka saa sita usiku, yeye anasema ndo maana ndugu wakubwa wanaiba wanalindwa, mi nasema mtoto anayekimbilia kumchongea baba yake kwa ajili ya kondoo mmoja naye mi namwogopa, hatujamaliza na kila tukikutana ananiita mwizi wa kondoo. Sasa nyie mmetupa maneno laini tu ya kuweka na maua, mnatunyima hata wa kubishana naye.

Sawa, ninunue au nisinunue? Kama unataka kitu cha kuanzia siku, unasoma unatabasamu unaendelea, nunua, hakitakuua, na zile nzuri zipo nyingi tu, theluthi mbili kwa hesabu yangu ya penseli, hazijasingiziwa wala kukatwa vibaya. Kama unataka kumjua huyo mzee, chukua kitabu kamili, kwanza ni chembamba, kwa Kichina chake ni herufi kama 16,000 tu, vijana wa huko walikuwa wanakikariri chote kwa ajili ya mitihani ya serikali mpaka mitihani ile ilipofutwa 1905. Chagua toleo lenye namba za sura na kipande pembeni na maelezo kidogo ya nani ni nani, maana bila kumjua Zilu na Zigong na Ran You unapoteza nusu ya utamu. Angalia tu namba zinapishana kidogo toleo hadi toleo, ukitafuta 15.24 usiikute, angalia 15.23, ile ya Zigong kuomba neno moja la kushika maisha yote, akapewa usimfanyie mwenzio usilotaka kufanyiwa.

Kama kalenda unayo tayari kama mi, fanya ninavyofanya, ukichana andika nyuma kwa penseli namba ya kipande na jina la aliyeuliza. Kama hakuna aliyeuliza na hakuna namba, hiyo ni ya kuwashia jiko.

Nyota: moja ya herufi, moja ya hizo theluthi mbili, moja ya Zigong na ule ujumbe nilioufuta. Mbili nimezishika mimi, ya mara tatu na ya gundi.

Dada kaniuliza juzi kama mwakani aniletee nyingine, toleo jipya, eti safari hii gundi wamebadilisha. Nikamwambia asante sana dada, niletee. Akaniangalia akasema, mbona uso hivyo?